Mabati Matatu ya Mwalimu wa Nyota

Mwalimu wa nyota hakuwa mtu wa kutazama juu. Ukikutana naye njiani akitoka sokoni Kamachumu, shingo imekaza, macho yako kwenye matope, ungedhani kaangusha sindano tangu ujana wake na bado anaitafuta. Shingo ilikuwa mbovu. Akitaka kuiona mbingu ni lazima alale chali, na alilala chali popote: kwenye majani ya uwanja wa shule, kwenye mkeka wa kuanikia kahawa, na siku moja kwenye benchi la kanisani kwao Walutheri, mpaka mchungaji akaagiza maji akidhani mtu kazimia. Ndiyo maana na sisi alitufundisha tukiwa chali.

Alikozaliwa na ukoo wake waulizeni wanaotunza mambo hayo. Mimi niliishia darasa la nne, naandika ninachokijua. Nilikuwa mtoto wake katika darasa la vidudu, na nilipokuwa mtu mzima nilipika uji wa watoto wake kwenye shule ile ile. Jina lake sitaliandika, kwa sababu mwenyewe alisema jina la mwalimu ni mwalimu. Majina ya wengine nitayaandika.

Watu wa mbali wakisikia "mwalimu wa nyota" wanadhani aliwatoa watoto vitandani usiku. Hakufanya hivyo hata mara moja. Alikuwa anasema mtoto wa miaka mitano saa mbili amelala, na ambaye hajalala ana njaa, na mwenye njaa hafundishiki. Isitoshe, mbingu ya kwetu mnaijua. Ziwa liko pale chini, linapika mawingu mwaka mzima. Unaweza kukaa wiki tatu hujaona nyota hata ya kuazima. Kwa hiyo alitengeneza mbingu yake. Nyuma ya shule palikuwa na stoo ya zamani ya kahawa, ya matofali mabichi, isiyo na dirisha. Akapanda juu, akashusha mabati matatu ya katikati, akayatoboa kwa msumari, tundu moja moja, akayarudisha. Ukifunga mlango mchana, jua likiwa kali, kunakuwa giza la kutosha na juu yako nyota zinawaka.

Bati la kwanza lilikuwa Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana. La pili, zile nyota tatu zilizojipanga mstari na wenzao wanaozizunguka. La tatu, kubwa kuliko yote, lilikuwa Nge, mwenye makucha mbele na mkia uliopinda.

Sakafuni alitandaza majani makavu kama wanavyotandaza wazee wetu ndani ya nyumba, akabadilisha kila Jumatatu. Tunalala safu mbili, vichwa vimeelekeana. Mwanga unashuka hadi juu yetu, mtu ana doa tumboni, mwingine ana doa kwenye goti, na tunaanza kuyashika.

"Acheni hizo za chini," anasema gizani. "Hizo za chini ni uongo. Tazameni za juu."

Mvua ikikaribia alipanda na kuziba matundu kwa nta ya mishumaa. Mlutheri yule alikwenda kuomba vipande vya mishumaa kwa Wakatoliki, kila Jumamosi, akiwa na kopo. Sakristani alimtania, "Mwalimu, lini unabatizwa?" Naye anajibu, "Siku nyota zangu zikiacha kuvuja." Jua likirudi anapanda tena na msumari, anachokonoa nta, tundu kwa tundu. Miaka arobaini. Hakuna aliyemlipa kwa kupanda, na hakuna aliyemwambia ashuke, mpaka hao nitakaowataja.

Kwake kosa lilikuwa moja tu: kusema umeona kitu ambacho hukukiona. Ukichelewa, sawa. Ukijikojolea kwenye majani, anayabadilisha bila neno. Lakini ukidanganya jicho lako, unachapwa fimbo moja ya mkononi, nje, mlangoni, kwa sababu ndani ya stoo hakumpiga mtoto yeyote.

"Kilimia wangapi?"

"Saba!" tunapiga kelele wote.

"Nani kahesabu?"

Anamgusa mmoja mguuni.

"Wewe. Wangapi?"

"Saba, mwalimu. Bibi kasema saba."

"Bibi yako hayumo humu ndani. Wewe unaona wangapi?"

Mtoto anahesabu kwa kidole. "Sita."

"Basi sema sita, waitu. Nimetoboa sita."

Alikuwa ametoboa sita kwa makusudi. Aliwasubiri wale wa saba kama mtu anavyosubiri panya mlangoni mwa shimo.

Nje uwanjani alitufanya kuwa nyota wenyewe. Alichora Nge kwa majivu, kila mtoto akapewa mahali pake, na asubuhi badala ya kuita majina aliita nyota. Kucha la kulia? Yupo. Moyo? Yupo. Mimi nilikuwa ncha ya mkia. Jina likanishika. Mpaka leo nina wajukuu, na pale Kamachumu kuna wazee wenzangu wakiniona wanasema, "Mkia huyo anapita, angalieni asiwachome." Yeye mwenyewe hakuniita jina langu la ubatizo hata siku moja.

Alikuwa na ubaya wake pia. Alikuwa mchoyo wa mwani. Zile kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa habari, yeye alizipanga mezani kutuonyesha kundi la nyota, kisha akazihesabu kuzirudisha kwenye kikopo. Siku moja, mimi nikiwa mkubwa nimekuja kumchukua mdogo wangu, zilipungua mbili.

"Nani amekula Nge?"

Kinywa cha mdogo wangu kilikuwa kinatafuna polepole kama mbuzi aliyekamatwa.

"Umekula nini hapo?"

"Moyo, mwalimu," akasema mdogo wangu, "na kidogo cha kucha."

Tulicheka mpaka tukaanguka. Mwalimu hakucheka. Alimwambia, "Umesema kweli. Kaa chini." Kisha akampa ya tatu. Ndiyo mara pekee nilimwona akimpa mtu mwani.

Mdogo wangu huyo ndiye alikuwa moyo wa Nge, miaka mitano baada yangu. Tulikuwa sita nyumbani. Mnajua miaka ile ya ugonjwa ilivyotupita sisi watu wa Kagera, sina haja ya kueleza. Nyumba zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine na migomba inaota mpaka mlangoni. Baba akatangulia. Mama akafuata, mimi nikiwa darasa la nne, nikaacha shule nikawa mama. Mama mmoja wa kanisani, mtu mwema, simlaumu, akamkalisha mdogo wangu magotini akamwambia, "Usilie, mama yako sasa ni nyota, anakuangalia." Mtoto akafurahi. Akaja shuleni, akalala kwenye majani, akauliza gizani mama yake ni tundu lipi.

Mwalimu alifungua mlango. Alimshika mkono, na mimi akanipitia nyumbani, akatupeleka kibanjani kwetu, katikati ya migomba, hadi kwenye udongo uliokuwa bado haujashuka.

"Mama yenu yuko hapa," alisema. "Nyota ni moto, iko mbali, haimjui mtu. Mkimtaka mama yenu njooni hapa. Huko juu msimtafute."

Mdogo wangu alilia siku mbili. Mimi nilimchukia mwalimu miaka miwili. Baadaye nikawaona watoto wa nyumba nyingine, walioambiwa mambo matamu, wamekuwa watu wazima na hawajui hata kaburi liko upande gani wa kibanja, wamelima juu yake. Mimi najua pa kupalilia. Hicho ndicho alichonipa, na hakikuwa kitamu.

Mdogo wangu naye hakumaliza mwaka uliofuata. Asubuhi baada ya mazishi mwalimu aliita nyota kama kawaida. Kucha la kulia? Yupo. Moyo? Kimya. Mtoto mmoja wa pembeni akasogea aingie mahali pale, mwalimu akamwambia rudi. Akaacha wazi. Mwaka mzima Nge yule alisimama uwanjani bila moyo, na kila asubuhi aliita, na kila asubuhi akasubiri kidogo, halafu akaita anayefuata. Wengine walisema ni ukatili. Labda. Katika sita nimebaki mimi, nameza dawa zangu kila siku saa mbili, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuita jina la mdogo wangu kila siku kwa mwaka mzima.

Sasa nije kwenye senene, wale panzi wetu wa msimu.

Mwalimu alipenda senene kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliwala wamekaangwa, wamekaushwa, wa moto, wa jana. Msimu ukifika, mtu yule mchoyo alisimama jikoni kwangu na sahani mkononi kama mtoto. Huku midomo inang'aa mafuta, anazilaani taa. Maana zamani senene tuliwaokota alfajiri kwenye majani, kila mtu na kibuyu chake. Siku hizi ni biashara: taa zile kali za kuumiza, mabati yamesimamishwa kwa kuinama, mapipa chini, moshi. Senene anafuata mwanga, anagonga bati, anateleza, anaingia pipani. Eneo lenye mtego, mbingu inakuwa nyeupe kama maziwa yaliyomwagika.

"Wanakamata kitoweo changu kwa kuziua nyota zangu," alisema, akanisogezea sahani nimjazie.

Mwenye mitego alikuwa Kashaija. Huyo wa kwanza, nimemtaja. Alikuja na pikipiki na maneno laini, akataka uwanja wa shule kwa msimu mmoja, kwa sababu uko juu kilimani na waya wa umeme umefika. Wa pili ni Rwezahura, mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye mwanawe hakusoma pale hata siku moja. Kashaija alikuwa amepungukiwa mabati matatu. Rwezahura akamwambia, yapo, yale ya stoo, stoo yenyewe ni ya mzee mstaafu anayecheza na vidudu. Yatashushwa, yatarudi kabla ya Krismasi.

Karatasi ilihitaji sahihi tatu za kamati. Kashaija wala hakuwa mwanakamati, aliweka sahihi kama mwenye kupokea. Rwezahura alisaini kama mwenyekiti. Katibu alisaini, akahamia Mwanza, sina ugomvi naye, alikuwa mtoto mdogo anayeogopa. Wa tatu ni mjumbe wa wazazi.

Mjumbe wa wazazi nilikuwa mimi.

Jiko langu la uji halikuwa na paa upande mmoja. Mvua ikinyesha, matone yanaingia kwenye sufuria, uji unakuwa maji na masizi, watoto wanaumwa tumbo. Nilikuwa nimeomba miaka minne. Rwezahura akaniambia, "Mama, huyu bwana akimaliza msimu atakuezekea jiko lote. Mabati mapya. Wewe weka jina tu hapo, na yale makuukuu yatarudi kwa mzee wenu." Nikaweka. Niliandika vizuri, taratibu, kama nilivyofundishwa.

Waliyashusha siku ya Jumanne. Mwalimu alifika na msumari wake mfukoni, akakuta stoo imebaki na mdomo wazi. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye mtego, akayatafuta mabati yake kati ya mabati mia, akayapata kwa nta iliyobaki kwenye matundu, akasogeza kigoda akakaa mbele yake. Akasema hatoki hapo mpaka yarudi, yasije yakapondwa. Vijana wa Kashaija wanavaa miwani myeusi na kujifunga nguo usoni, wanajua taa zile. Walimpa miwani. Akaikataa, akasema ameitunza mbingu ile miaka arobaini bila miwani. Msimu mzima alikaa pale, jioni hadi alfajiri, uso kwa uso na mwanga ule, kwa sababu shingo ilimkatalia kugeuka.

Nilimpelekea chai. "Mwalimu, waitu, nenda ukalale."

"Mkia," aliniambia, macho yamevimba kama ya mtu aliyepigwa, "unaona hapo? Mwanga unapita kwenye Nge kutoka nyuma. Anawaka vizuri kuliko stooni."

Nilitazama. Ni kweli. Nge alikuwa anawaka, na senene wanamgonga na kuanguka.

Ilipofika Krismasi alikuwa anapapasa ukuta. Daktari wa mjini alisema ni vitu viwili, uzee na mwanga ule. Mimi naamini kimoja. Mabati hayakurudi. Kashaija aliyabeba pamoja na mitego yake akashuka nayo Ngenge. Mvua za Desemba ziliingia stooni kwa juu, yale matofali mabichi yakalewa maji, Januari ukuta wa nyuma ukalala chini, na watoto waliporudi shuleni tukawakataza kusogea. Jiko langu? Hadi leo nikipika mvua ikinyesha nashika mwavuli kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine. Rwezahura ni mwenyekiti bado. Juzi juzi amechaguliwa tena, watu wakampigia makofi, na mimi nilikuwa pale, na mikono yangu ilipiga.

Mwalimu alichukuliwa na binti wa dada yake akakae naye Bukoba mjini, Rwamishenye. Sikumfuata. Nilijiambia nauli, nilijiambia dawa, nilijiambia mvua.

Halafu nilikwenda Ngenge kununua maharage, na kwenye ua wa mtu nikaliona bati la tatu, lile la Nge, limekuwa mlango wa banda la mbuzi. Nta ilikuwa bado ipo kwenye matundu mawili. Nilimpa mwenye banda magunia mawili matupu na kitenge changu, akalishusha akinishangaa. Nilikata kipande nilichodhani kina mkia na moyo, nikakifunga kwenye kanga, nikapanda gari kwenda Bukoba.

Nilimkuta amekaa kibarazani, kidevu kifuani kama zamani. Binti wa dada yake alikuwa anamenya ndizi.

"Kasinge waitu," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu, nimepiga magoti.

Alisikiliza. "Mkia."

"Ni mimi, mwalimu."

"Umenenepa. Sauti imenenepa." Akacheka kidogo. "Watoto wanafundishwa nini siku hizi?"

"Kuhesabu. Nyimbo. Mwalimu mpya ana simu, anawaonyesha picha."

"Amewaonyesha Kilimia?"

"Amewaambia ni mama zao waliokufa."

Nikafungua kanga, nikamwekea bati mapajani. Alilijua kabla hajaligusa, kwa harufu labda, harufu ya mbuzi na kutu. Vidole vikaanza kutembea. Vilikwenda taratibu, vikasimama, vikarudi, vikapotea pembeni, vikarudi tena.

"Zimezidi," alisema.

"Ni kutu, mwalimu. Limekaa kwenye mbuzi."

"Zangu zilikuwa na midomo kwa nje. Msumari unaacha mdomo." Akapapasa. "Midomo imeliwa." Kisha, bila kubadilisha sauti, akauliza, "Mkia, ile karatasi. Kashaija namjua. Rwezahura namjua. Katibu namjua. Mjumbe wa wazazi ni nani?"

Binti alikuwa anamenya. Ndizi ikaanguka kwenye sufuria ya maji. Nina miaka karibu hamsini, nimezika watu tisa, simwogopi mtu yeyote Kamachumu nzima.

"Sikuona, mwalimu," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, kama alivyotikisa kwa mtoto aliyesema saba.

"Mimi niliiona. Rwezahura alinionyesha siku ile ile, macho yalikuwa bado yangu. Jina limeandikwa vizuri. Mkono ule niliushika mimi, herufi kwa herufi."

Nilibaki nimepiga magoti. Nilitaka kumwambia jiko, mvua, watoto wanaumwa tumbo. Nilitaka fimbo moja ya mkononi, nje, mlangoni. Hakuwa na fimbo, wala hakuutafuta mkono wangu.

"Niambie basi," alisema, akaligeuza bati kuelekea kwangu. "Kati ya haya, yangu ni yapi?"

Nililiinua kuelekea jua. Jua lilikuwepo kidogo, la kupita. Matundu yote yaliwaka sawasawa, makubwa kwa madogo. Nilitafuta ncha ya mkia, mahali pangu, pale niliposimama kila asubuhi. Nilitafuta moyo. Palikuwa na mioyo kumi.

"Sijui, mwalimu."

"Kweli hujui?"

"Sijui. Siwezi kutofautisha."

"Hapo umesema kweli," akasema, akajigeuza mwili mzima kuelekea ukutani.

Nilikaa mpaka gari la mwisho likaribie, nikamtilia kiganjani mwani niliomletea, naye akauacha hapo bila kuutafuna. Nilipoinuka, binti wa dada yake alinisindikiza hadi barabarani, lile bati ameshalibeba kwapani. Akaniuliza, kwa heshima tu, kama linafaa kufunikia kuni.

Nikamwambia linavuja.